Mkate wa ufuta bila oveni: moto wa juu utoke wapi?

"Assalamu alaykum, mwalimu. Nimeolewa Lamu, na tumepanga nyumba ya ghorofani mtaa wa Langoni, yenye jiko dogo kwenye kona ya baraza ya ndani. Kwetu Malindi mkate wa ufuta tulikuwa tukiukanda nyumbani na kuupeleka kwa jirani mwenye oveni. Hapa nina jiko la gesi lenye sehemu mbili za kupikia, chuma kizito cha chapati na kikaango cha nonstiki. Nakanda vikombe vinne vya unga kwa tui zito la nazi, natia hamira kijiko kikubwa na sukari vijiko vitatu. Napaka mafuta chumani, naweka moto mdogo kabisa nisiunguze, nafunika. Hata hivyo upande wa chini huwa mweusi, wa juu mweupe na wenye kunata, na katikati mbichi. Nikiuacha zaidi huwa mgumu, na ikifika usiku hauliki. Mavyaa wangu asema mkate huu hauwezekani bila mofa au oveni, na jirani asema niongeze hamira. Ramadhani yaja na ningependa kuuza kidogo nyakati za jioni. Je, ninunue oveni ya umeme, au kuna njia nyingine?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Umeeleza jambo lako kwa ukamilifu, na hilo limenirahisishia kazi, kwa kuwa karibu kila kinachouharibu mkate wako kimo ndani ya swali lenyewe. Unauliza iwapo mkate wa hamira, ambao umezoea kuuona ukitoka katika oveni, waweza kuiva sawasawa juu ya jiko la gesi bila kuungua chini na kubaki mbichi juu. Waweza, na chuma ulicho nacho chatosha. Itakubidi kwanza uache mambo mawili ambayo umeyafanya kwa nia njema kabisa, nayo ni kuupunguza moto mno na kuupaka mafuta uso ambao mkate unapaswa kuushika.

Nianze na kauli ya mavyaa wako, kwa heshima zote. Akiwa anakusudia mkate wa mofa hasa, ule unaobandikwa kwenye ukuta wa udongo uliokwisha kupashwa moto kwa kuni, basi ana haki: ladha ya ule udongo na ule moshi haipatikani juu ya gesi, na sitakudanganya kwamba inapatikana. Mikate ya namna hiyo tunashirikiana na jirani zetu, kwani Wasomali wana muufo wao, Wayemeni wana mkate wa tannur, na Wahindi wana naan ya tandoor, yote ikibandikwa ukutani kwa unyevu wake yenyewe. Lakini mkate wa ufuta ni habari nyingine. Huko Unguja, ambako ndiko unakopendwa kuliko mahali pengine popote pwani hii, wapishi wengi huupika juu ya chuma, kisha hukigeuza chuma pamoja na mkate wake ili uso wenye ufuta uelekee makaa. Tena hata sisi wa Lamu na Malindi tumepika kwa moto wa juu tangu zamani bila oveni yoyote. Anayepika wali wa nazi kwa mkaa huupalia makaa juu ya mfuniko, na mkate wa sinia hupaliwa vivyo hivyo ili uso wake upate rangi. Ukitazama nje ya pwani, Waethiopia hupika injera juu ya mitad, Waturuki hupika bazlama juu ya bamba la chuma, na watu wa Meksiko hupika tortilla juu ya comal, vyote vikiwa vyombo bapa vinavyopashwa moto kutoka chini. Oveni ni njia mojawapo tu ya kuupatia mkate joto, na kwa mikate bapa si njia kongwe wala iliyo bora.

Ili ujue la kufanya, yafaa kwanza uelewe kinachotokea kati ya moto na unga. Ndani ya mofa mkate hupata joto kutoka pande zote kwa wakati mmoja. Mgongo wake umegusa ukuta wa moto, uso wake unapigwa na joto linalotoka kwenye makaa na kwenye ukuta wa upande wa pili, na hewa inayouzunguka ni kali mno. Tandoor iliyokolea hupita nyuzijoto 400 za Selsiasi, na ndiyo sababu mkate huiva humo kwa dakika chache tu. Juu ya chuma chako mambo ni tofauti. Joto linaingia kwa kugusana tu, kutoka chini, na juu ya mkate pana hewa ya kawaida ya jikoni. Unga ulioumuka nao umejaa vipovu vya hewa, na hewa iliyofungiwa hupitisha joto kwa shida, kwa hiyo tabaka la chini huanza kuungua wakati la juu bado halijapata hata joto la kuufanya wanga uive. Wanga wa ngano huanza kuvimba na kushikana kwenye nyuzi 60 hivi, na nyama ya mkate hutengemaa kabisa inapofikia nyuzi 95 kwenda juu. Ule weupe unaonata ulioueleza ni wanga ambao haukufika huko.

Kuna jambo la pili lililo muhimu zaidi. Maadamu mkate una maji ndani yake, sehemu yenye maji haiwezi kupita nyuzi 100, kwa sababu joto lote la ziada hutumika kuyageuza maji kuwa mvuke. Rangi ya hudhurungi na ile harufu inayomwita mtoto kutoka ngazini huanza kupatikana vizuri kuanzia nyuzi 140 hivi, na joto hilo hufikiwa tu na ngozi ya mkate iliyokwisha kukauka. Kwa hiyo kuivisha na kutia rangi ni kazi mbili, na juu ya jiko la gesi hazifanyiki kwa kitendo kimoja. Kuivisha sehemu ya juu hufanywa na mvuke ulio chini ya mfuniko. Kuitia rangi hufanywa na moto mkavu unaoelekezwa juu yake mwishoni. Wewe umekuwa ukitaraji mfuniko ufanye yote mawili, na mfuniko hauwezi, kwani chini yake hewa imeloa na uso ulioloa hauwi mwekundu hata ukingoja hadi adhana.

Sasa nifike kwenye moto mdogo, ambako naona ndiko kwenye kiini cha tatizo lako. Karibu kila anayeogopa kuunguza hupunguza moto, na dhana hiyo ina mantiki kwa mchuzi wa nazi, lakini kwa mkate bapa hukuletea hasara mara mbili. Mkate hupoteza maji kila dakika unayokaa juu ya chuma. Chuma kikiwa na joto la wastani au zaidi, ngozi ya chini hujifunga mapema, mvuke wa ndani hukosa njia rahisi ya kutoka, na nguvu yake huusukuma unga juu kabla haujakakamaa. Maji yakigeuka mvuke huchukua nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile ya awali, na uvimbe huo wa ghafla ndio unaofanya chapati ifure na mkate wa ufuta uwe mwepesi. Chuma kikiwa vuguvugu, mvuke hutoka polepole, vipovu vya hamira hutoboka kabla kuta zake hazijashika, mkate hukaa chini na kuwa mzito, nawe wangoja dakika kumi na tano kwa kitu kilichohitaji tano. Katika muda huo wote unakauka. Moto mdogo hauzuii kuungua. Huchelewesha tu, na katika kule kuchelewa mkate hugeuka ngozi.

Utaniuliza basi mbona upande wa chini huwa mweusi ilhali moto ni mdogo. Hapo kuna sababu tatu zinazosaidiana. Mwali wa gesi uliopunguzwa sana hujikusanya katikati ya jiko, na chuma kizito hakisambazi joto upesi, hivyo kitovu chake huwa cha moto sana wakati kingo zimepoa. Mafuta uliyoyapaka hujaza nafasi zote kati ya mkate na chuma na kuukaanga. Na sukari ya vijiko vitatu, pamoja na ile iliyomo katika tui zito, huungua mapema kuliko unga mtupu. Ongeza juu ya hayo muda mrefu, na weusi hauepukiki.

Kuhusu chombo, kitumie hicho chuma cha chapati, na kikaango cha nonstiki kiweke kando kwa mayai. Ule utando wake laini huanza kuharibika ukipita nyuzi 260 hivi, na kikaango kitupu juu ya mwali mkubwa hufika hapo kwa dakika chache tu. Moshi unaotoka hapo huweza kumfanya mtu apate homa na kubanwa na kifua, na ndege wa kufugwa walioko karibu huweza kufa. Kukigeuza kikaango hicho uso chini juu ya moto, kama nitakavyokueleza, ndilo jambo ambalo usilifanye kamwe. Zaidi ya hayo, njia yetu inahitaji mkate ushike chuma kwa muda, na nonstiki imetengenezwa isishikwe na chochote.

Chuma kipashe kwa moto wa wastani muda wa dakika tano hadi nane kabla ya mkate wa kwanza, ukikisogeza huku na huku ili kingo nazo zipate. Kisha dondosha tone la maji. Likikaa na kutokota polepole, chuma hakijawa tayari. Likilia na kukauka mara moja, tayari. Likijikunja kuwa kama ushanga na kukimbia huku na huku bila kukauka upesi, chuma kimepita nyuzi 190 na zaidi, na joto hilo ni zuri kwa chapati nyembamba, lakini kwa mkate mnene liache lipungue kidogo. Kwa wanaopenda kipimo cha macho, chembe za unga zikinyunyizwa hugeuka hudhurungi kwa utaratibu. Zikigeuka nyeusi papo hapo, punguza moto.

Tuje kwenye unga. Ushauri wa jirani yako wa kuongeza hamira hautasaidia, na kijiko kikubwa tayari kimezidi. Hamira hutoa hewa inayojaza vipovu, na kazi yake huisha mkate unapofika nyuzi 55 hadi 60, ambapo hufa. Ikiwa kuta za vipovu hazikushikwa na joto kwa wakati, hewa nyingi zaidi itazitoboa tu, na utabaki na mkate bapa wenye harufu ya pombe. Kwa gramu 500 za unga wa ngano, ambazo ni kama vikombe vinne, kijiko kimoja cha chai cha hamira ya chengachenga chatosha kabisa kwa joto la hapa. Wakati wa kaskazi, jikoni kukiwa na nyuzi 30 na zaidi, unga huumuka maradufu kwa muda wa saa moja au chini yake. Wakati wa kusi, upepo ukiwa baridi, mpe saa moja na nusu, wala usiongeze hamira kwa sababu ya haraka. Mtazame unga, usiitazame saa.

Sukari kijiko kikubwa kimoja. Chumvi kijiko kimoja cha chai kilichojaa, isipokuwa kama unakandia maji ya kisima yenye magadi au chumvi, kama yalivyo ya visima vingi vya mjini humu, ambapo utapunguza. Chumvi ikizidi huichelewesha hamira na kuukaza unga, na nashuku wapishi wengi wageni wa Lamu wamelaumu unga wao kwa kosa la kisima. Ukiweza, kandia maji matamu.

Tui zito ndilo ninalotaka ulibadilishe zaidi. Uzuri wa ngano ni gluteni, yaani ule utando wa protini unaonyumbuka unapokanda, na ndio unaoshika hewa. Mafuta mengi yakitangulia kuzipaka chembe za unga, utando huo haujengeki vizuri, na mkate huwa wa kumumunyika kama biskuti badala ya kuvutika. Tumia tui jepesi, lile la mkamuo wa pili, likiwa vuguvugu, mililita 330 hadi 350 kwa gramu hizo 500. Tui zito lihifadhi, vijiko viwili vitatu uvitie mwishoni mwa kukanda kwa ajili ya harufu. Wako wanaotia yai moja, na halidhuru, mradi upunguze tui kwa kiasi kilekile. Unga ukishakandwa unapaswa kuwa laini zaidi ya ule wa chapati, wenye kunata kidogo vidoleni, na ukikushawishi kuongeza unga mkavu, jizuie. Paka mikono maji badala yake. Unga mlaini una maji mengi, na maji hayo ndiyo mvuke wako baadaye.

Unga ukishaumuka, ukate madonge matano au sita, uyafunike, uyaache yapumzike robo saa. Donge lisilopumzika hujikunja kila unapolitandaza, nawe ukilazimisha hupata mkate mnene katikati, na unene ndio adui wako mkubwa juu ya jiko. Mkate wa unene wa kidole umezidi kwa chuma. Utandaze uwe wa sentimita moja, au pungufu kidogo, kwani utavimba wenyewe. Ubonyeze kwa ncha za vidole vilivyolowa, kuanzia katikati kwenda kingoni, ukiacha vishimo vidogo ili usivimbe kama puto mahali pamoja.

Sasa upishi wenyewe. Chuma kiwe kikavu, kisicho na mafuta hata tone. Upande wa mkate utakaogusa chuma upake maji kwa kiganja, maji ya kutosha ung'ae, kisha ubandike kwa mkono mmoja bila kusitasita, na upitishe vidole kingoni ili ushike pote. Maji hayo, pamoja na wanga wa juu juu, hugeuka uji mzito mara yanapokutana na chuma cha moto, na uji huo ndio gundi itakayoushikilia mkate ukigeuzwa. Uso wa juu upake maji au ute wa yai, mwaga ufuta, ubonyeze kidogo. Funika kwa mfuniko wenye tumbo, usiogusa mkate. Chini ya mfuniko mvuke hugusa uso wa mkate ulio baridi, hugeuka maji, na katika kugeuka huko huuachia mkate joto jingi sana bila kuukausha. Baada ya dakika mbili hadi tatu, ukifunua, uso wa juu utakuwa umebadilika kutoka ung'avu wa unga mbichi kuwa mkavu-mkavu, wenye vipovu, na ukiugusa haunati. Hiyo ndiyo ishara ya kuendelea. Ukinata, rudisha mfuniko kwa nusu dakika.

Hatua ya mwisho ndiyo moto wa juu. Mwenye chuma chepesi chenye mkono hukiinua, akakigeuza uso wa mkate uelekee mwali, umbali wa upana wa kiganja hivi, akakizungusha polepole kwa dakika moja au moja na nusu hadi ufuta upate rangi na kuanza kunukia. Ufuta huungua ghafla, kwa hiyo usiongee na mtu wakati huo. Mkate ukianguka, maana yake chuma hakikuwa cha moto wa kutosha ulipoubandika, au kilikuwa na mafuta. Baadaye rudisha chuma sawa, na mkate utaachia wenyewe, kwa kuwa gundi ile imekauka na kujikunyata. Sukuma tu kwa mwiko bapa.

Lakini umesema chuma chako ni kizito, nami sipendi kukuona ukishika chuma kizito cha moto juu chini kwa mkono mmoja, hasa ukiwa umefunga swaumu na mwili umechoka. Kwa hali yako kuna njia mbili zilizo salama zaidi. Ya kwanza ni kuweka wavu wa chuma, ule wa kuchomea samaki, juu ya sehemu ya pili ya jiko. Mkate ukishaiva chini ya mfuniko, ubandue, uulaze kwenye wavu upande wa ufuta ukiwa chini, uugeuze-geuze kwa koleo kwa sekunde chache chache. Hapo huhitaji ule ubandikaji wa maji, japokuwa napenda ubaki nao kwa sababu huipa sehemu ya chini ngozi nzuri. Ya pili ni ile ya mabibi zetu, ya kupalia makaa juu ya bati au mfuniko wa chuma usio na kingo za plastiki, ukiuweka karibu na mkate baada ya mvuke kwisha kutoka. Hii hutoa rangi iliyo sawa kuliko zote, na kama una jiko la mkaa uani ningekushauri uitumie kwa siku za mikate mingi. Ama kugeuza mkate juu ya chuma kilekile kama chapati, inawezekana pia na hakuna atakayekulaumu, ila ufuta mwingi utabaki chumani na uso utakuwa bapa.

Kwa yote hayo, leso uifunge vizuri na mikono ya nguo uikunje, na kitambaa cha kushikia kiwe kikavu, maana kilicholowa hupitisha joto hadi ngozini mara moja.

Mavyaa wako akitaka mkate wa mtama au wa mawele, kanuni zinabadilika kidogo. Nafaka hizo hazina gluteni, kwa hiyo unga wake hauvutiki wala haushiki hewa kama ngano, na ukiubandika na kuugeuza utakatika. Utandaze mwembamba kwa mkono uliolowa, nusu sentimita, upike chini ya mfuniko kwenye chuma kilichopakwa mafuta kidogo sana, ugeuze mara moja ukishashikana. Ukichanganya theluthi ya unga wa ngano, kazi huwa nyepesi.

Ugumu wa usiku una sababu zake, na wengi hudhani ni kukauka peke yake. Wanga ulioiva, ukipoa, hurudi kujipanga na kukaza, na hutokea hata kwenye mkate uliofungwa vizuri. Baridi ya friji huharakisha jambo hilo, kwa hiyo mkate wa leo usiuweke frijini hata siku moja. Ukitaka kuuhifadhi kwa siku kadhaa, ugandishe kabisa. Mkate ukitoka motoni uufunge pamoja na wenzake katika kitambaa cha pamba, ufunike kwa kawa. Mvuke wao wenyewe utalainisha ngozi, na ukili wa kawa utauachia unyevu unaozidi utoke. Mfuko wa plastiki kwa mkate wa moto huukusanya mvuke kuwa matone, na kwa hewa yetu yenye unyevu ukungu hauchelewi. Usiku ukitaka kula, unyunyizie maji na uurudishe kwenye chuma cha moto kwa nusu dakika kila upande. Ukipita nyuzi 60 tena, wanga hulegea na mkate hurudi karibu na hali yake, ingawa mara moja tu. Mara ya pili hautakutii.

Sasa oveni. Ya nyumbani kwa kawaida haipiti nyuzi 250, huhitaji kupashwa kabla, na mkate bapa hukaa humo dakika nane hadi kumi, muda ambao huutosha kuanza kukauka. Kwa hiyo kuinunua kwa ajili ya mkate huu peke yake sioni faida, ukizingatia bei ya umeme na kukatika kwake saa za magharibi. Ukikusudia kuoka keki, mkate wa kumimina na mikate ya nyama kwa wingi, hapo itakulipa, kwani huoka kadhaa kwa pamoja nawe ukafanya kazi nyingine. Kwa Ramadhani hii, ningekuwa wewe fedha hizo ningenunulia chuma cha pili, chepesi, na wavu mzuri. Sehemu moja ya jiko iwe ya kuivishia chini ya mfuniko, nyingine ya kutilia rangi, na mkate mmoja ukitoka mwingine unaingia; kwa mpangilio huo mikate kumi na miwili hukamilika kwa muda wa saa moja hivi. Kanda baada ya adhuhuri, uanze kupika baada ya alasiri, ili mteja aupate ungali moto.

Yako mambo ambayo maandishi hayatoshi. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua milango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, na umwite fundi anayejua kazi hiyo aje aangalie mpira na kichwa cha mtungi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni, hivyo dirisha la juu peke yake halitoshi. Siku za upepo wa kusi, mwali huweza kuzimwa bila wewe kujua, usiondoke jikoni. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala chini ya makuti, kwa kuwa makuti hushika moto upesi, na mkaa hutoa monoksidi ya kaboni, hewa ya sumu isiyo na harufu. Kichwa kikianza kuuma au kizunguzungu kikikushika wakati wa kupika, toka nje kwanza, na kisipopungua nenda hospitali bila kusingizia swaumu. Ukiungua, mwagia maji safi ya bomba yanayopita kwa dakika ishirini, usipake mafuta wala dawa ya meno, na lengelenge likizidi ukubwa wa kiganja, au likiwa usoni au kwenye viungo vya mkono, muone daktari siku hiyohiyo. Na kabla ya kuuza, pita ofisi ya afya ya umma ya kaunti uulize kuhusu cheti cha afya cha wanaoandaa chakula, kwani hutakiwa hata kwa biashara ya mlangoni.

Kipimo cha ulaini wa unga nacho hufundishwa na mkono kuliko kalamu. Ukishajaribu mara kadhaa na mkate bado ukawa mzito, mtafute mama yeyote mtaani anayeuza mkate au mahamri asubuhi, umwombe akuruhusu ushike unga wake kabla hajaukata madonge. Peleka na wako kwenye bakuli, mfananishe papo kwa papo. Mavyaa wako huenda naye akataka kuja, na ikiwa anaujua mkate wa mofa, mkono wake utakuambia haraka zaidi yangu kama maji yamepungua.